Vilemba Vinne vya Ukoka

Kama mlango wa friji yenu una karatasi iliyobanwa kwa sumaku, na jina lako limo upande wa wanaotakiwa kubadilika, basi ndugu yangu sogea, vuta kiti. Sisi ni wa chama kimoja. Chama chenyewe hakina mwenyekiti kwa sababu wenyeviti wote tumewaoa.

Yangu ilibandikwa Jumamosi moja usiku, juu ya bili ya umeme, ili bili isionekane. Mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Karatasi (nyumbani pia namwita hivyo, ila akiwa ametoka), alikuwa amerudi kutoka warsha ya wazazi katika hoteli moja ya hapa mtaani Karen, pale ambapo kikombe cha chai kinauzwa kwa bei ya debe la makaa. Alirudi na faili, kalamu ya bure, na yale macho. Nayajua macho yale. Mwaka juzi yalipokuja tulihamishwa kutoka kwenye sukari. Kabla ya hapo zilikuwa Jumatano za Kiswahili sanifu, zilizokufa Jumatano ya pili baada ya mimi kukosea ngeli mara nne kabla ya chai. Mama Karatasi ni wa Mombasa; mimi ni mtu wa bara, na ngeli kwangu ni kama ngazi gizani, nazikanyaga tu nikiomba Mungu.

Naona umeshashtukia neno Karen na umeanza kunihesabia pesa. Acha. Tunaishi Karen kama chawa anavyoishi kwenye kichwa cha mfalme. Mwenye kiwanja yuko Ulaya, nyumba kubwa ya mbele ina wapangaji wake wenye mbwa watatu na mpishi, na sisi tuko nyuma, katika jengo ambalo zamani lilikuwa banda la farasi. Limetiwa sakafu, limepakwa rangi, lina choo cha ndani. Lakini milango minne bado ni ile iliyokatwa katikati: ukifunga nusu ya chini na kuacha ya juu, kila mtoto hutoa kichwa kwenye tundu lake. Mgeni akifika jioni hudhani amewakuta wakisubiri kulishwa nyasi.

Vichwa vyenyewe ni vinne. Wakili, wa miaka kumi na mitatu, hajawahi kukubali jambo bila ushahidi; ukimwambia usiku umeingia atatoka nje kuhakikisha. Anayemfuata ni Likizo, wa miaka kumi na mmoja. Mwendo wake ni mmoja tu, awe anaenda kulala au anakimbia moto. Huu mtaala mpya ulioanza madarasa ya chini mwaka 2019 uliondoa namba za kushindania, ukaleta madaraja manne: mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. Likizo anakaribia. Amekaribia tangu Gredi ya 1 na sasa yuko Gredi ya 5. Mimi huamini amekwama tu kwenye msongamano wa Ngong Road saa kumi na moja jioni, na kwamba siku moja atafika, hana hata jasho.

Wa tatu ni Kobe, binti wa miaka tisa. Ukimgusa kwa sauti anarudi ndani ya gamba. Kitinda mimba ni Gavana, miaka sita, ambaye hafanyi jambo bila uzinduzi. Akipiga mswaki anataka mashahidi.

Sasa, huko warshani Mama Karatasi alikuwa ameambiwa kwamba binadamu wako wa aina nne, na kwamba mtoto anayesifiwa kwa namna isiyo ya aina yake ni kama mmea unaomwagiwa maji ya chumvi. Kuna mtu wa damu, mchangamfu, mpenda watu. Kuna mtu wa nyongo ya manjano, mkali, mwamrishaji. Kuna wa nyongo nyeusi, mwenye mawazo mengi na majonzi ya karibu. Na kuna wa kohozi, mtulivu, asiyesukumika. Watoto wetu ni wanne. Aina ni nne. Mama Karatasi alisema hilo haliwezi kuwa jambo la bahati. Nilitaka kusema kwamba hata miguu ya meza ni minne, lakini nimekaa kwenye ndoa hii miaka kumi na mitano.

Jambo lenyewe si jipya hata kidogo. Ni la Wagiriki wa kale, wa zama za Hippocrates. Akaja Galen, tabibu wa Pergamon aliyetibu wakubwa wa Roma katika karne ya 2, akalipanga vizuri. Wasomi wa ulimwengu wa Kiislamu wakalichukua, akina Ibn Sina wakaliandikia vitabu. Mwaka 1966 mchungaji mmoja wa Marekani, Tim LaHaye, akaliandika upya kwa Wakristo, na tangu hapo limekuwa likizunguka kwenye semina za ndoa na za vijana. Safari yote hiyo, kutoka Pergamon hadi kwenye friji yangu, ili mimi niulizwe kwa nini sijaweka tiki.

Mama mkwe alipopigiwa simu Mombasa na kuelezwa, hakushangaa. Huyu watoto wake wote humwita Mama, wajukuu humwita Nyanya, nami moyoni humwita Bi. Mashalla, sababu utaiona mbele.

"Hayo mbona ya zamani?" alisema. "Wazee wetu walikuwa wakisema huyu ana safura, huyu balghamu imemzidi. Lakini wao walikuwa wakiagiza tangawizi. Nyinyi mnaagiza maneno?"

Ndiyo, tuliagiza maneno. Jedwali lilisema hivi: Wakili, mtu wa nyongo ya manjano, asifiwe kwa matokeo na apewe uongozi. Gavana, mtu wa damu, asifiwe hadharani, kwa kishindo, papo hapo. Kobe wa nyongo nyeusi asifiwe faraghani, kwa jambo mahususi, ikiwezekana kwa maandishi. Likizo wa kohozi asifiwe kwa utulivu wake, kisha apewe jukumu dogo lisilo na haraka. Pembeni palikuwa na nafasi za kutia tiki, safu ya Mama na safu ya Baba. Kufikia Jumatatu asubuhi safu ya Mama ilikuwa imejaa. Yangu ilikuwa nyeupe kama shati la sikukuu.

Unielewe, sikukataa kusifu. Sikufundishwa. Mimi ni mtoto wa 8-4-4, ule mfumo ulioanza 1985, ambapo darasa zima lilipangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho na majina kusomwa kwa sauti mbele ya shule. Sifa kubwa shuleni ilikuwa kutopigwa. Serikali ilipopiga marufuku viboko mwaka 2001 mimi nilikuwa nimeshamaliza, makalio yangu yakiwa yameshaingia kwenye historia. Siku niliyomletea marehemu baba ripoti ya namba tatu kati ya watoto 52, aliishika kwa ncha za vidole na kuuliza, "Hao wawili waliokutangulia wana vichwa viwili viwili?" Muhula uliofuata nikashika namba moja. Akaitazama ripoti kwa muda, akasema, "Naona darasa lenu limeharibika."

Alinisifu mara moja tu, na hakuniambia mimi. Alimwambia mwenye bucha. Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika kilo moja ya matumbo kwenye gazeti, nikamsikia akisema, "Yule wangu husoma hata karatasi ya kufungia nyama." Basi. Miaka thelathini imepita na bado nasoma karatasi za kufungia nyama.

Turudi kwenye jedwali. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo ili niiwahi Lang'ata Road kabla haijafunga, kwa hiyo sifa zangu nilipaswa kuzigawa alfajiri, gizani, nikitafuta kiatu. Nadhani unaona tatizo linakuja. Siku ya kwanza nilimwandikia Kobe kikaratasi, kisha nikakiweka chini ya mto wa Gavana. Nilikuwa nimeandika: "Nimeona umevuta maji chooni bila kukumbushwa. Asante." Kobe ndiye aliyevuta. Gavana hajavuta tangu tuhamie.

Gavana hajui kusoma vizuri, ila anajua hati rasmi akiiona. Alikipeleka kwa askari wa getini kisomwe kwa sauti. Akakipeleka kwa mpishi wa nyumba kubwa kisomwe tena. Akasimama juu ya ndoo. Niliporudi jioni mpishi alinipungia mkono dirishani na kusema kwa heshima, "Hongera, mzee. Nimesikia mmeanza kuvuta maji."

Kwa Wakili nilidhani nitakuwa salama. Alileta alama nzuri za hisabati, nikamwambia mezani, "Una akili sana, mwanangu."

Aliweka kijiko chini. "Baba, hilo neno unalijua madhara yake?"

Kumbe alikuwa amechukua simu ya mamake kufanya utafiti wa kumpinga mamake, jambo ambalo kwake ni mchezo wa wikendi. Akatusomea. Mwaka 1998 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Waliwapa mafumbo ya maumbo, wakawasifu: wengine kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Kisha wakawapa mafumbo magumu yaliyowashinda wote, halafu yakaja mepesi tena. Waliosifiwa akili walirudi nyuma, wakafanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa bidii wakapanda. Na walipoambiwa waandikie watoto wa shule nyingine alama zao, wale wa akili ndio waliodanganya zaidi.

"Kwa hiyo," alihitimisha Wakili, "unataka niwe mwongo?"

"Basi umejitahidi," nikasema.

"Sikujitahidi. Ilikuwa rahisi."

"Sasa niseme nini?"

"Si lazima useme, Baba. Waweza kunipa chumvi."

Nikampa chumvi. Mama Karatasi akanitilia tiki ya huruma.

Laiti mambo yangeishia kwenye chumvi. Ijumaa ile ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Nilifika nimechelewa, nimeegesha gari mbali, nimetembea na tope hadi kwenye soksi, na dhamiri ikinichoma. Ukutani palibandikwa michoro ya watoto. Wa Kobe ulikuwa wa ngiri. Hapa kwetu ngiri hupita hata kwenye vichochoro jioni, mkia juu kama erio ya redio, na Kobe huwatazama kupitia uzio kwa saa nzima. Alikuwa amemchora ngiri akila majani huku amepiga magoti ya mbele, kama wanavyokula kweli. Vumbi lilikuwa kwenye magoti yale. Mtoto wa miaka tisa amechora vumbi!

Ningelisema hilo la vumbi, kimya kimya, sikioni, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini mtu anayechelewa hulipa kwa kelele. Nilinyanyua mkono wa Kobe kama bondia aliyeshinda, nikatangaza, "Huyu ndiye mchoraji! Ajabu ya dunia! Jamani, mpigieni makofi ya kilo!" Makofi ya kilo ni yale tuliyopigiana darasani zamani, pa-pa-pa, pa-pa-pa, kisha pa! moja nzito. Wazazi wa Karen walipiga makofi ya gramu, ya vidole, lakini walipiga. Nilipogeuka, mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa wa mtoto wa watu. Kobe hayupo.

Tulimpata baada ya dakika arobaini, chini ya meza ya maonyesho ya mboga, amejificha nyuma ya kitambaa na sukuma wiki. Mchoro alikuwa ameubandua, ameukunja mara nane.

Usiku ule Mama Karatasi hakunigombeza. Alifanya kibaya zaidi, alinisomea. Huko Uholanzi, mwaka 2014, Eddie Brummelman na wenzake walichapisha utafiti wao uliohusisha watoto 240. Watoto walichora maua ya waridi ya van Gogh, kisha wakapata kijibarua kutoka kwa mtu waliyeambiwa ni mchoraji wa kazi. Wengine waliandikiwa kwamba wamechora picha nzuri. Wengine, kwamba wamechora picha nzuri ajabu. Wengine hawakusifiwa kabisa. Kisha wakaambiwa wachague picha nyingine za kunakili, rahisi au ngumu. Watoto wanaojiamini, baada ya lile neno "ajabu", walikimbilia ngumu. Wasiojiamini walikimbilia rahisi.

"Neno moja tu?" nikauliza.

"Neno moja tu. Na wewe uliongeza kilo."

Jumamosi na Jumapili Kobe hakuchora ngiri. Alichora miduara. Karatasi nzima, miduara, kwa sababu mduara haujawahi kumshinda mtu.

Nilimtoa wiki iliyofuata, sisi wawili, nikampeleka Kazuri, pale kwenye karakana ya shanga za udongo iliyoanzishwa na Susan Wood mwaka 1975 akiwa na wanawake wawili tu. Njiani tulipita karibu na nyumba ya Karen Blixen, na kwa kuwa kimya cha Kobe kina uzito wa gunia nikaanza kuropoka. Nikamweleza kwamba yule mama wa Denmark alikaa pale kuanzia 1917 hadi 1931, kwamba kote huku palikuwa shamba la kahawa, kwamba lilifilisika kwa sababu huku ni juu mno na baridi ni nyingi kwa kahawa, likanunuliwa na kukatwa viwanja, na huo ndio mwanzo wa mtaa wetu. Mtaa mzima wa waheshimiwa umeota juu ya hasara. Habari hiyo hunipa faraja kila ninapolipa kodi ya banda.

Kobe akatazama dirishani. "Kwani kahawa haikuulizwa?"

Halafu akanyamaza hadi tulipofika. Karakanani alisimama karibu na mama mmoja aliyekuwa akiviringisha shanga, akatazama, akatazama, kisha akanyoosha kidole bila neno. Yule mama akaisogeza shanga kwenye mwanga. "Kweli, ina ufa," akasema, akaiweka pembeni, akaendelea na kazi. Basi hayo tu. Na Kobe alitembea hadi kwenye gari kama mtu aliyeapishwa.

Ndipo akaja Bi. Mashalla. Alishuka kwenye gari moshi pale Syokimau na mikoba saba, halua, mabuyu, achari na maoni yake. Wajukuu zake, ambao kwa kawaida husalimu kwa kunyanyua nyusi, siku hiyo walipanga foleni: shikamoo Nyanya, shikamoo Nyanya. Halua ina adabu yake. Likizo alifika kwenye foleni halua ikiwa imeshakatwa.

Bi. Mashalla hasifu kitu bila kutanguliza mashalla, akiogopa husuda na jicho la watu, na kwa hilo ana haki ya kila mtu wa pwani. Sasa fikiria kumwingiza mtu huyo kwenye nyumba ambamo sifa hutolewa kwa ratiba, wazi wazi, bila kinga. Kila Mama Karatasi alipomsifu mtoto, sauti ilitoka jikoni ikimalizia, "Mashalla!" Kila nilipojaribu mimi, "Mashalla, na unyamaze!" Nilipomtajia Kazuri alikunja uso. "Ka? Kizuri, mwanangu. Hiyo ka ni ya kwenu bara." Siku ya tatu alisimama mbele ya friji, akavaa miwani, akasoma jedwali lote hadi chini.

"Binti yangu," alisema, "haya yote ni kilemba cha ukoka. Mnawavika watoto vilemba vya ukoka, kila mmoja na saizi yake."

Nilijua methali ya mgema na tembo iko njiani, nikawasha redio.

Lakini Gavana alikuwa ndani ya tundu lake, nusu ya juu ya mlango ikiwa wazi, na alichosikia yeye ni kilemba. Nje, mtunza bustani wa nyumba kubwa alikuwa amekata nyasi siku mbili zilizopita na kuzirundika chini ya mti. Ukoka wenyewe, tena mwingi. Gavana akajifunga kilemba kikubwa, cha kisultani, kikishuka hadi mabegani. Akawavika mbwa wawili; wa tatu alikataa, ana busara. Akamvika askari. Kisha akatuita sote kwa tarumbeta ya mdomo tuje kwenye uzinduzi.

Rundo la nyasi likikaa siku mbili wakati wa mvua huwa na wenyewe. Siafu hawana makelele; hupanda kwanza wote, wakajipanga, halafu huuma kwa pamoja, kama waliopigiwa filimbi. Gavana alikuwa katikati ya hotuba. Sitakueleza yote. Nitakwambia tu kwamba watu wawili waliokuwa wakipita barabarani juu ya farasi waliona mtoto wa kiume akikata kona ya nyumba bila hata kitambaa, mbwa wawili nyuma yake, askari wa kampuni ya ulinzi nyuma ya mbwa akivua shati, na bibi mwenye leso ya kisutu akiwafuata na chupa ya mafuta ya taa akisema mashalla kwa sauti ambayo haikuwa ya kushukuru.

Katika hayo yote, Likizo alikuwa kwenye tangi.

Siku hiyo lori la maji lilikuwa limetuletea lita 10,000, kwa sababu mfereji wetu ulikuwa umekauka kwa wiki mbili. Mama Karatasi, kwa kufuata jedwali, alimpa Likizo jukumu dogo lisilo na haraka: asimame pale, lori likishaondoka atazame kama bomba la chini liko sawa. Na wiki mbili nzima alikuwa akimwambia, "Likizo, napenda sana ulivyo mtulivu. Wengine wakipaparika, wewe umetulia." Alimwambia asubuhi, alimwambia jioni, tiki, tiki.

Tulipomaliza siafu, saa moja baadaye, nilisikia mto. Karen haina mto upande wetu. Nikazunguka nyuma nikamkuta Likizo amesimama mikono nyuma, kama meneja, na maji yakitoka chini ya tangi pale bomba lilipochomoka, yakipita katikati ya miguu yake kuelekea kwa jirani.

"Likizo! Umeona?"

"Nimeona, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu lori liondoke."

"Mbona hukuniita?"

Alinitazama kwa uso safi, uso wa mtoto aliyefanya alichoambiwa. "Watu wote walikuwa wanapaparika. Mimi nikatulia."

Mama Karatasi, aliyekuwa nyuma yangu, hakusema kitu. Alirudi ndani. Nilisikia sumaku ikitoka kwenye friji, kisha kimya, kisha sumaku ikirudi. Nilipoingia nilikuta jedwali bado lipo, ila lina mstari mpya chini, kwa mwandiko wa Wakili, kalamu nyekundu: "Baba: mtu wa maji. Asifiwe kabla ya kutumwa."

Jua likatua. Na kwa vile dunia ina ucheshi wake, mvua ikaanza, ile ya Ngong inayokuja kwa mabavu. Tangi letu lilikuwa na lita labda mia tatu zilizobaki chini ya tundu la bomba, na mifereji ya paa ingeweza kulijaza usiku ule ule, bure, ikiwa tu mtu angetoka kurudisha bomba. Sote tulikuwa jikoni. Gavana amepakwa mafuta mwili mzima, analala kwa Bi. Mashalla. Likizo anakula. Mama Karatasi akanishika bega.

"Baba watoto," alisema, kwa sauti ya Mombasa, ile aliyonioa nayo, "hapa Karen yote hakuna mtu anayeyajua mabomba kama wewe."

Nakijua kilemba cha ukoka kikigusa kichwa. Niliinama kidogo kimkae vizuri, nikachukua spana, nikatoka.

Bi. Mashalla akanipigia kelele dirishani kwamba asifuye mvua imemnyea, na mimi nilikuwa sijaisifu hata kidogo. Nilipiga magoti kwenye tope, ya mbele na ya nyuma, maji yakiingia shingoni na kutokea kwenye kiatu. Sikuona kitu. Kisha mwanga ukaja juu ya mikono yangu, haukutikisika. Sikusikia hatua, huyo hana hatua. Kobe alikuwa amevaa koti langu la mvua, limemfika vifundoni, ameshika tochi kwa mikono miwili.

Hakusema lolote. Nami, kwa mara ya kwanza mwezi ule, sikusema lolote. Nilikaza, nikafunga tepu, nikakaza tena. Akausogeza mwanga polepole kwenye bomba, kutoka kiungo kimoja hadi kingine, akausimamisha.

"Hapo umefunga vizuri," alisema. "Pale bado panavuja."

Nikasogea pale.